"Sawa kocha," wanasema, kisha wanaacha kuja mazoezini

Anti, shikamoo.

Mimi ni kocha wa mpira wa kikapu hapa Mwanza, nina miaka 36. Nafundisha timu ya vijana wa mtaani, wengi wana miaka 15 hadi 18. Silipwi chochote, riziki yangu inatoka kwenye ufundi umeme. Uwanja wetu ni wa saruji, ringi moja imepinda, tunaanza mazoezi saa kumi na moja jioni mpaka giza litufukuze. Nakueleza haya ujue kwamba sitafuti maslahi kwa hawa watoto. Nawapenda.

Shida yangu ni kwamba hawaongei na mimi. Nikiwaelekeza kitu wanaitikia "sawa kocha" kwa pamoja, macho chini, halafu mchezo ukianza wanafanya kile kile nilichokataza. Nikiuliza "mmeelewa?" wameelewa. Nikiuliza nani ana swali, kimya. Lakini nikiwapa kisogo nasikia wanabishana na kucheka, tena kuhusu mpira huo huo. Juzi nilikuwa siti ya nyuma kwenye daladala, hawakuniona, nikasikia mmoja ananiita "Redio". Mwenzake akadakia, "Tena haina kitufe cha kuzimia."

Kilichonifanya nikuandikie ni mchezo wa mwezi uliopita. Robo ya nne, tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, mpira wetu. Nilimwambia pointi gadi wangu, yaani mwongoza mashambulizi, kijana wa kidato cha tatu ambaye ndiye bora niliye naye, aushike mpira asubiri kufanyiwa faulo. Yeye akapiga pasi ndefu, ikakatwa, wakaenda kufunga leiapu, mpira wa chini ya ringi, tukapoteza. Nikamwambia pale pale, mbele ya wenzake na wazazi waliokuja, kwamba ameiuza timu. Sikumtukana, Anti, wala sikumgusa. Usiku nikatuma sauti kwenye grupu letu la WhatsApp, nikaeleza kosa la kila mmoja. Tiki za bluu zote, hakuna aliyejibu. Kijana akaja mazoezini wiki moja bila kusema neno, kisha akapotea. Wawili wamemfuata. Nikimpigia mama yake ananijibu kwa upole, "Anajisomea, kocha, mitihani."

Mimi nililelewa hivyo hivyo. Kocha wetu ukikosea alikurushia mpira kifuani, na leo namshukuru. Kila wiki nawakumbusha habari za Hasheem Thabeet, alivyotoka Dar es Salaam mpaka akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, ili wajue inawezekana. Nifanye nini zaidi? Rafiki yangu ananishauri niwe mshikaji wao, niwatanie, tupige stori. Naogopa watanipanda kichwani. Na huyu kijana, nimfuate kwao? Nikimwomba radhi, wengine si watasema kocha amenywea?

N.B. Kuna mzazi alitununulia mipira minne. Sasa kila mchezo anataka mwanawe aanze, na kijana bado hajaiva. Nimwambieje?

Kocha, Mwanza

*

Marahaba, kocha. Na pole kwa siti ya nyuma ya daladala. Watu wengi wamejua ukweli wao wakiwa pale.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja sikukiona. Umenieleza ulichomwambia kijana kabla ya ile pasi, ulichomwambia baada ya ile pasi, na ulichowaambia wote usiku. Hakuna mahali uliponieleza yeye alisema nini. Nadhani ni kwa sababu hukumuuliza. Mwezi umepita, na hadi leo hujui kwa nini mchezaji wako bora alipiga pasi ile.

Mimi nina dhana, ichukue kama dhana. Kijana aliyeambiwa "subiri ufanyiwe faulo" anajua kinachofuata: timu pinzani ikishajaza faulo zake za robo, atasimama mstari wa mitupo huru peke yake, kila mtu akimtazama. Kama mitupo yake inamsumbua, au kama alishawahi kukosa mbele ya watu, mpira ule ulikuwa unamuunguza mikononi. Pengine alikuwa anaukimbia mstari. Au alimwona mwenzake yuko huru chini ya ringi na macho yake hayakumdanganya, ila mkono ulichelewa. Haya ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina mazoezi yake. "Umeiuza timu" halitibu hata moja. Halafu jiulize pia: hali ile, kuongoza kwa moja na sekunde chache, mmewahi kuifanyia mazoezi jioni yoyote, au aliisikia kwa mara ya kwanza siku ile?

Kuhusu "sawa kocha". Wewe na mimi tumekulia humu humu. Mtoto anafundishwa kwamba mkubwa akisema, unaitika na unainamisha macho. Anayeuliza sana anaitwa mjuaji. Shuleni mwalimu akiuliza "mmeelewa?" darasa zima linajibu "ndiyooo", pamoja na yule aliyesinzia nyuma. Kwa hiyo hao vijana wanakupa adabu, na wewe unapokea adabu ukidhani ni uelewa. Achana na "mmeelewa". Sema "nionyeshe". Mpe mmoja kipande cha chaki, saruji unayo, achore skrini, yaani kumzibia njia mkabaji, inawekwa wapi na nani anakatiza. Akikosea, mwite mwenzake asahihishe. Utashangaa watakavyobishana mbele yako kama wanavyobishana ukiwapa kisogo, na hapo ndipo utajua nani hajaelewa nini.

Maswali nayo yana namna. "Nani ana swali?" ni kumwita mtoto ajitokeze mbele ya wenzake akiri hajui, hatajitokeza. "Pale walipokuwa wanakaba eneo, ulikuwa unaona nini?" analijibu, kwa sababu halina kosa ndani yake. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Kwa mtu unayeitwa Redio, sekunde hizo zitakuwa ndefu.

Sasa ukali. Rafiki yako anakwambia uwe mshikaji wao, wewe unaogopa kupandwa kichwani, na mimi nakubaliana na hofu yako. Mtu wa miaka 36 anayelazimisha utani wa vijana wa miaka 16 hufurahisha siku mbili tu. Hawahitaji mshikaji mwingine, wanao kumi na wawili tayari. Ila umeweka njia mbili tu, ukali au ushikaji, na makocha waliofanikiwa hawakuishi kwenye mojawapo.

Mtazame Gregg Popovich, aliyeifundisha San Antonio Spurs ya NBA kuanzia 1996 hadi 2025 na kutwaa ubingwa mara tano. Alikuwa mkali kweli kweli. Tony Parker alianza naye akiwa na miaka 19, na alifokewa kama hakuna kesho. Lakini angalia kilichotangulia kufoka. Mwaka 1997 timu ilipomchagua Tim Duncan, Popovich alipanda ndege akamfuata kwao kisiwani St. Croix, wakakaa siku kadhaa, wakaogelea, wakaongea mambo ya maisha. Duncan alipokuja kufokewa baadaye, na alifokewa, alijua ni mtu gani anayemfokea.

Kisha njoo usiku wa kipigo, maana hapo ndipo ninapokulaumu zaidi. Juni 2013, Miami, mchezo wa sita wa fainali. Spurs wanaongoza kwa pointi tano, zimebaki sekunde 28, wakishinda ni mabingwa. Ray Allen wa Miami akafunga pointi tatu kutoka kona, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, wakapoteza 103 kwa 100. Mgahawa ulikuwa umeshawekwa kwa ajili ya sherehe. Popovich aliagiza waende vile vile. Wakaenda, wakala pamoja, naye akapita meza hadi meza. Fainali waliipoteza pia, mchezo wa saba. Mwaka uliofuata wakakutana na Miami hao hao wakawafunga michezo minne kwa mmoja. Sisemi ni chakula kilichowafunga Miami. Nasema usiku ule mtu mzima aliona vijana wake wameumia, akajua si saa ya kueleza makosa. Wewe usiku wako uliutumia kuwatumia sauti ya makosa ya kila mmoja, mtoto akiwa kitandani na simu mkononi. Huna mgahawa wa Miami, lakini sijawahi kuona uwanja wa Mwanza ambao hauna mama wa mihogo ya kukaanga karibu. Mkipoteza, kaeni pale. Makosa yataongelewa kesho kutwa, uwanjani, yakiwa yamepoa.

Na huyo kocha wako wa mipira ya kifuani: unamshukuru kwa sababu wewe ulibaki. Waliokimbia hawapo wa kukueleza. Marekani walikuwa na kocha Bob Knight, mataji matatu ya vyuo akiwa na chuo cha Indiana, na kwa miaka 29 watu walisema ukali wake ndio siri yake. Mwaka 2000 chuo hicho hicho kilimfukuza kwa sababu ya tabia hiyo hiyo.

Unaweza kuwa unajiuliza, basi niwasifie? La, usiwamwagie sifa pia; vijana wanaijua sifa ya bure. Kuna kazi moja nzuri ya utafiti kuhusu hili. Msimu wa 1974-75 wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa pembeni mwa mazoezi ya UCLA, chuo kikuu cha Marekani, wakaandika kila alichokifanya kocha John Wooden, aliyekuwa akielekea ubingwa wake wa kumi wa vyuo. Walihesabu vitendo 2,326 vya kufundisha. Sifa hazikufika asilimia 7. Kukaripia nako hakukufika asilimia 7. Kama robo tatu ya yote ilikuwa maelezo tu: mguu uwe wapi, pasi itoke lini, geuka hivi. Mtu akikosea, Wooden alionyesha inavyotakiwa, akamwigiza mkosaji, akaonyesha tena inavyotakiwa, yote kwa sekunde chache, mazoezi yakaendelea. Hakuhutubia.

Jaribu jioni moja kujihesabu, au mpe mchezaji mwenye jeraha karatasi na kalamu akae pembeni akuhesabie: mara ngapi umeeleza kitu kinachofanyika, mara ngapi umefoka, mara ngapi umesifu. "Ongeza bidii" isiandikwe kwenye maelezo. "Jituma" isiandikwe. "Shusha kiuno, mkono wa kushoto juu" iandikwe. Nakuhakikishia karatasi hiyo itakufundisha kuliko mimi. Na habari za Thabeet zipumzishe kidogo; safari ya mtu wa futi saba na inchi tatu haimpi pointi gadi wa futi tano na nusu chochote cha kufanya kesho jioni.

Taimauti zako, yale mapumziko mafupi unayoomba katikati ya mchezo, pia nazihofia. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, unapata mbili kipindi cha kwanza na tatu kipindi cha pili, dakika moja moja. Dakika hiyo si dakika: wakifika benchi na kukaa, zimekwenda sekunde. Waache wanywe maji, na wao kwa wao waambiane wanachokiona, hata wakigombana kidogo. Wewe chora. Kisha sema mambo mawili, yasizidi, na la kwanza liwe la kushambulia kwenye mpira unaofuata. Mwisho, nahodha ayarudie kwa mdomo wake. Akikosea kuyarudia, bado una sekunde kumi za kurekebisha. Usipomsikia, utagundua wakishafungwa.

Tuje kwa kijana. Nenda kwao, ndiyo. Usiende usiku na usiende peke yako. Nenda na nahodha, au na mzee wa timu kama mnaye. Msalimie mama kwanza, kaa, uliza mitihani, na uiulize kweli, kwa sababu inawezekana ndiyo sababu na sisi tunamsingizia. Mama aliyekujibu kwa upole vile hajakufungia mlango, anasubiri aone unakuja kama nani. Mbele yake mwambie kijana: "Siku ile nilisema umeiuza timu. Hukuiuza. Neno lile nalirudisha. Nimekuja kukuuliza ulikuwa unaona nini pale." Akikujibu kwa neno moja, lipokee hilo moja. Usidai arudi. Mwambie nafasi yake ipo na saa ya mazoezi ni ile ile.

Ila ulimwaibisha hadharani, kwa hiyo kurudisha neno sebuleni kwao hakutoshi. Lirudishe na uwanjani, hata kama yeye hajaja. Sentensi mbili, halafu endelea na mazoezi. Unaogopa watasema umenywea. Kocha, hao watatu wameshaondoka ukiwa hujanywea. Waliobaki wanakutazama wajue siku wakikosea wao utawafanya nini.

Kisha waache wao waseme. Mei 1994 Chicago Bulls walikuwa wanacheza na New York Knicks, matokeo sare, zimebaki sekunde 1.8. Kocha wa Bulls, Phil Jackson, akampangia Toni Kukoč apige mpira wa mwisho. Scottie Pippen, nyota wa timu, akakasirika akagoma kuingia uwanjani. Kukoč akafunga, wakashinda 104 kwa 102. Fikiria kocha mwingine angefanya nini vyumbani baada ya hapo. Jackson aliwaachia wachezaji, na Bill Cartwright, mkongwe wao, akamweleza Pippen jinsi alivyowaumiza, huku machozi yanamtoka. Pippen akawaomba radhi wenzake, akacheza mchezo uliofuata, na baadaye akatwaa mataji mengine matatu na Jackson huyo huyo. Kuna mambo ambayo kijana hawezi kuyapokea kwa kocha akayapokea kwa mwenzake. Na wewe wenzake unao, tena umesema mwenyewe wanabishana kuhusu mpira ukigeuka. Wape dakika tano za mwisho za kila Ijumaa, wewe ukiokota mipira.

Usiniambie heshima itapungua. Liz Mills, mwanamke kutoka Australia, alikabidhiwa timu ya taifa ya wanaume ya Kenya mwanzoni mwa 2021. Hakuwa na undugu nao, wala ndevu za kuwatisha. Februari hiyo hiyo, Yaoundé, Morans, ndiyo timu hiyo ya Kenya, wakaifunga Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akifunga mpira wa mwisho, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Wanaume wale wakubwa walimfuata mtu anayejua anachokisema na anayewajua wao.

Neno kuhusu simu, na hapa sibembelezi. Hao ni watoto. Grupu liwe na wazazi wawili ndani au mtu mzima mwingine wa timu, na lifungwe kwa matangazo: saa, mahali, nauli, nani aje na maji. Sauti za makosa acha kabisa. Ujumbe wa peke yako kwa mtoto usiku hapana, hata ukiwa wa heri, hata kwa mvulana. Mazungumzo ya wawili yafanyike uwanjani, pembeni, mahali ambapo wengine wanawaona bila kuwasikia. Mwaka 2021 ulimwengu wa kikapu ulitikiswa na habari za wasichana wa Mali walionyanyaswa na makocha wao, mpaka kocha akakamatwa na FIBA ikaanzisha uchunguzi. Wewe si mtu wa namna hiyo, naamini, lakini taratibu hizi hazimsubiri mtu mbaya. Zinamlinda mtoto, na wewe pia.

Kwa huyo mzazi wa mipira: mshukuru mbele ya timu nzima, mara moja, kwa jina. Halafu kabla hujaongea naye, kaa na mwanawe umweleze mambo mawili yanayomzuia kuanza, tuseme anadunda mkono mmoja tu na harudi kukaba, na umpe mazoezi yake. Mzazi akikufuata, mwambie hayo hayo mawili, si zaidi, na umkaribishe aje Jumanne aone mwenyewe. Ukimwanzisha kwa sababu ya mipira, wa kwanza kujua atakuwa kijana mwenyewe, wa pili ni wale kumi na mmoja. Na kama atadai mipira yake, mrudishie yote minne siku hiyo hiyo, mpigie nahodha aje na ule wa zamani, na uwe na pampu.